Michezo ya vyuo vikuu: Tuwe watani, tusiwe mahasimu

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii hunukuliwa kila mashindano ya vyuo vikuu yanapowadia, na aghalabu husahaulika kabla ya kipenga cha mwisho kupulizwa. Leo ningependa kuizungumzia, si kama mwanamichezo, kwani miguu yangu haikuwahi kunifikisha popote uwanjani, bali kama mtu ambaye kazi yake ni maneno.

Miaka kadhaa iliyopita, timu ya soka ya chuo kimoja cha mjini ilikizuru chuo kimoja cha mashambani. Wageni walifika na mabasi mawili ya mashabiki, na wimbo. Katika wimbo huo waliwauliza wenyeji iwapo walijiunga na chuo ili wasome au wachunge ng'ombe. Wenyeji nao hawakukosa jibu. Waliimba kwamba wageni wao husomea baani na kulala ndani ya matatu. Hadi wakati wa mapumziko watu walikuwa wakicheka. Baada ya bao la pili, mawe yalianza kurushwa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye hakuwa ameimba lolote, alipoteza jicho lake la kushoto.

Kamati ya nidhamu ilipoketi, niliombwa nitoe maoni yangu kama mwanaisimu. Je, maneno ya nyimbo zile yalikuwa matusi au utani? Hatima ya walioziongoza ilitegemea sana jibu hilo. Niliandika kurasa mbili. Nilieleza kwamba hapakuwa na tusi la nguoni hata moja, kwamba hakuna kabila lililotajwa, na kwamba kejeli za namna ile ni utani tu. Waimbaji wakasamehewa, nami nikajiona nimetenda haki.

Wiki chache baadaye, kijana yule aliyejeruhiwa alinisimamisha nje ya maktaba. "Mwalimu," alisema kwa heshima, "nimesikia uliandika kwamba ule ulikuwa utani. Kama ni utani, mbona hakuna mtani hata mmoja aliyekuja kunitazama hospitalini?"

Sikuwa na jibu. Kijana huyo, ambaye hakuwahi kuketi katika darasa langu, alilijua jambo ambalo mimi na shahada zangu tulilisahau: kwamba utani si aina ya maneno, bali ni aina ya uhusiano. Babu anapomwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", hakuna anayemshtaki, kwa kuwa undugu wao unajulikana. Huko Tanzania, Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki hata matangani, mbele ya jeneza, lakini ana wajibu pia. Msiba unapotokea, huyo huyo mwenye kudhihaki ndiye anayetarajiwa kushika jembe na kusaidia mazishi. Ruhusa na wajibu huenda pamoja. Ukiuondoa wajibu, kinachosalia ni kejeli tupu, na kejeli tupu haiko mbali na jiwe.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe tunayoyatumia. Magazeti ya Tanzania yanapowataja Simba na Yanga huwaita "watani wa jadi". Sisi huku Kenya tunapowataja Gor Mahia na AFC Leopards husema "mahasimu wa jadi". Hasimu ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni adui, au mtu wa upande wa pili katika ugomvi au kesi. Sidai kwamba neno peke yake hurusha jiwe, wala kwamba mashabiki wa Dar es Salaam ni malaika. Ninachosema ni kwamba neno hutufunza namna ya kumtazama mwenzetu. Tena lugha yetu inatukumbusha kuwa kitenzi "shindana" kimebeba kiambishi cha kutendana. Mtu anaweza kushinda mchana kutwa peke yake, lakini hawezi kushindana peke yake. Bila mwenzake, mshindani hayupo.

Ukweli huu umedhihirika kwingineko. Mwaka 1829, vijana wawili waliosoma pamoja katika shule ya Harrow, Charles Wordsworth wa Oxford na Charles Merivale wa Cambridge, walichochea mashindano ya kwanza ya mashua baina ya vyuo vyao. Mashindano hayo yangali yanafanyika katika mto Thames jijini London, na wanawake pia hushindana siku hiyo hiyo na katika njia hiyo hiyo tangu mwaka 2015. Mwaka 1877 matokeo yalitangazwa kuwa sare. Mwaka 1912 mashua zote mbili zilizama, ikabidi mbio zirudiwe. Desturi yao inayonivutia zaidi ni hii: anayetoa mwito wa mashindano ya mwaka unaofuata ni yule aliyeshindwa. Aliyeshindwa haendi kulipiza kisasi gizani. Humwendea mshindi hadharani na kumwambia, tukutane tena. Hiyo ndiyo methali yetu ikitendwa.

Je, sisi tumekosa misingi ya utani kama huo? La hasha! Vyuo vyetu vikuu ni ndugu wa damu. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi mwaka 1985. Chuo cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia nacho kilikuwa chini ya Kenyatta hadi kilipojitegemea mwaka 1994. Kwa hivyo Mean Machine, timu ya raga ya Nairobi iliyotwaa Kombe la Kenya mwaka 1977, inapokutana na Blak Blad ya Kenyatta, huyo ni mama na mwana wanaovutana mpira. Ni wanafunzi wangapi wanaopiga kelele ukingoni mwa uwanja huku wakiijua nasaba hiyo? Mila isiyosimuliwa hufa, na pahali pake huingia fujo.

Basi pendekezo langu kwa wasimamizi wa michezo, walimu na viongozi wa wanafunzi si kupiga marufuku nyimbo. Chuo kisicho na wimbo uwanjani kina upungufu. Pendekezo langu ni kwamba wajibu urejeshwe kando ya ruhusa. Viongozi wa mashabiki wa pande mbili wakutane na kujuana kabla ya mchezo. Wageni wale chakula pamoja na wenyeji wao, hasa wenyeji wanapokuwa wameshindwa. Aliyeshindwa apewe heshima ya kutoa mwito wa mwaka ujao. Na mchezaji au shabiki akiumia, wa kwanza kufika kitandani pake awe ni mwakilishi wa chuo cha pili. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali.

Lau kamati ile ingeniita tena leo, nisingeandika kurasa mbili. Ningeandika sentensi moja: kwamba maneno yalikuwa ya utani, lakini waliotamkiana hawakuwa watani. Kosa hilo halikuwa la wanafunzi pekee. Lilikuwa letu sisi tuliowapa mabasi, jezi na uwanja, tukasahau kuwajulisha wao kwa wao.