Nukta nane ya fundi wa Babati

Mwenye Land Cruiser alikuwa na hoja nzito: gia zote tano zinaingia. Gari linapanda Dareda kwenda Mbulu na kurudi. Sasa kwa nini fundi anagoma kufunga giaboksi?

"Mwanangu, zinaingia kwa sababu mkono wako una nguvu," fundi alimjibu bila kuinua macho.

Jibu hilo lilinikalisha kwenye gereji ile, Babati mjini, mpaka jua lilipogeukia upande wa pili wa mlima Kwaraa. Mzee alichukua ringi ya sinkro ya gia ya tatu, ile ya shaba ya manjano, akaivalisha kwenye koni ya gia, akaikandamiza kwa vidole na kuizungusha. Ikateleza. Ndani ya ringi hukatwa mifereji myembamba kama alama za kidole gumba. Hiyo ndiyo inayokata utando wa oili ili shaba iumane na chuma, gia na shafti zilingane mwendo kabla meno hayajakutana. Ya Land Cruiser ile ilikuwa imelika, inang'aa. Ringi iliyolika huzama kwenye koni, nafasi kati yake na meno ya gia ikafa. Akachomeka fila, kile kibapa cha kupimia nafasi, ya milimita nukta nane. Haikupita. Kwa giaboksi nyingi za Toyota nafasi hiyo huanzia milimita 1 hadi 2, na ikishuka chini ya 0.8, ringi ni ya kutupa.

Dareda ndiko inakoliwa, anasema. Kwenye mteremko ule dereva anarudi tatu, anarudi mbili, na kila mara ringi inalazimika kuiharakisha gia pamoja na pleti ya klachi.

Kisha akamwaga kopo la saklipu, zile ringi za kubania kitovu kwenye shafti. Kwa macho yangu zote ni moja; kwake zinapishana unene kwa milimita 0.05. Alizijaribu moja baada ya nyingine, akitafuta nene kuliko zote inayokubali kukaa, maana kitovu cha sinkro hakitakiwi kucheza. Gia yenyewe, kinyume chake, lazima ibaki na uhuru kidogo. Ikibana, oili haifiki. Basi kazi nzima ni hiyo: huku kaza, huku achia, na hakuna mteja atakayeiona.

Ringi mpya za gia ya pili na ya tatu zilinunuliwa. Ya nne ilipima 0.9.

"Kitabu kinaruhusu," alisema, akaigeuzageuza. "Roho yangu haitaki."

Mwenye gari alikuwa na safari kesho yake, na ya zamani ikarudishwa. Ikianza kukwaruza mwezi ujao, nani atalipia kuishusha tena giaboksi? Niliuliza. Wote wawili walicheka, hakuna aliyejibu.

Msomaji, ukipeleka giaboksi yako kwa fundi, omba fila ipitishwe mbele yako kabla kifuniko hakijafungwa. Haichukui hata dakika tano.