Gari la milioni 15, bima ya milioni 10

Ukienda kukata bima kubwa, swali la kwanza ni hili: gari lina thamani gani? Wengi hujibu kwa kukisia. Toyota IST za toleo la kwanza ziliacha kutengenezwa Japani mwaka 2007, lakini Dar es Salaam bado zinagombewa. Kwa gari kama hilo, bei ya dalali wa leo, makadirio ya forodha na pesa aliyotoa mwenyewe miaka mitatu iliyopita ni vitu vitatu tofauti.

Wakala mmoja wa bima anayekaa chini ya mwavuli Kariakoo anasema wateja wake huuliza kwanza watalipa shilingi ngapi, kisha ndipo hutafuta thamani itakayolingana na pesa iliyo mfukoni. Akiwabana waandike bei ya kweli, wanahamia mwavuli wa jirani. Kinachomuuma zaidi ni tabia ya kampuni anazoziuzia: ada hupokelewa siku hiyohiyo bila mtu kuja kulitazama gari, ila ajali ikitokea, mthamini hakawii. Lawama zote zinamwangukia yeye, kwa sababu ndiye mteja anayemjua sura.

Hesabu yenyewe inatisha. Kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, gari la milioni 15 hulipiwa 525,000 kabla ya VAT. Likiandikwa milioni 10, ada inashuka hadi 350,000. Mwenye gari ameokoa 175,000. Sasa agongwe, matengenezo yawe milioni 3: mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, kampuni inalipa theluthi mbili tu, kwa kuwa milioni 10 ni theluthi mbili ya 15, yaani milioni 2, na milioni 1 anaitafuta mwenyewe.

Kupandisha thamani nako hakusaidii. Gari likiharibika kabisa, kampuni huangalia bei ya soko ya siku ya ajali, si namba uliyoilipia.

Ofisa mmoja wa usimamizi wa sekta ya bima anasisitiza kwamba kutaja thamani sahihi ni wajibu wa mteja, na kwamba mkataba unaeleza kila kitu. Kisheria huenda ana hoja. Lakini mikataba mingi bado iko kwa Kiingereza, na mteja wa mwavulini huondoka na risiti tu. Kusema ameelezwa ni kumwonea.

Hata mkweli hayuko salama. Shilingi ikishuka dhidi ya dola, magari ya mitumba hupanda bei, na anayehuisha bima kwa namba ya mwaka jana hujikuta na pengo. Mikataba ya Kiswahili ikienea, huenda wateja wakayajua haya mapema. Kwa sasa dalili ni chache.

Kabla ya kulipa, ulizia bei kwa wauzaji wawili au watatu, piga gari picha, na umtake wakala akuonyeshe kipengele cha uwiano kwenye mkataba wenyewe.