Unga wa sumaku unaonasa viuatilifu majini

Kichocho si ugonjwa mgeni Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya. Anayeingia ziwani kuvua, kufua au kuoga anaweza kukutana na vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini. Lisilojulikana sana ni kwamba dawa inayopuliziwa nyanya na sukuma wiki inaweza kumneemesha konokono huyo.

Mwaka 2020, watafiti wa Ujerumani pamoja na wenzao wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu chenye kampasi hapa Mbita, walichapisha matokeo kutoka sehemu 48 za maji katika eneo la Kenya la Ziwa Victoria. Konokono wa kichocho walipatikana tu pale maji yalipokuwa na viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na visumbufu vingine vya mazao, na rutuba iliyopita kiasi. Maabara ilionyesha sababu: konokono huvumilia viuatilifu vya imidaklopridi na diazinoni kuliko viumbe wanaoshindana naye. Hao wakifa, chakula chote humbakia yeye. Linalotia hofu zaidi ni kwamba viwango vilivyoleta madhara hayo ni vile ambavyo tathmini za mazingira huvihesabu kuwa salama.

Kwa hiyo lazima tuweze kupima viwango vidogo mno. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Gramu 1 katika lita milioni 10 tayari imefika kikomo hicho. Ili mashine ya kupimia iione vizuri, sumu hiyo hukusanywa kwanza.

Hapo ndipo polima ya sumaku inapofaa. Chembe ndogo sana za oksidi ya chuma huvikwa polima yenye vitundu vingi, hata gramu moja ikawa na mamia ya mita za mraba za kunasia. Unga huo hutiwa kwenye sampuli na kutikiswa. Sumaku ikiwekwa ubavuni mwa chupa, unga wote huvutwa upande huo na maji humwagwa. Methanoli kidogo huung'oa uchafu ulionaswa, tayari kupimwa, na unga unaweza kutumika tena.

Je, unga huo unachaguaje cha kunasa? Ukubwa wa vitundu husaidia, na kemia ya kuta zake pia. Njia kali zaidi ni kuijenga polima kuizunguka molekuli ya diazinoni, kisha kuiondoa molekuli hiyo. Hubaki tundu la umbo lake, kama wayo kwenye tope.

Unga huu ni wa kupimia, hausafishi ziwa. Tena maji ya Mbita yana mwani na mabaki ya mimea yanayoweza kuziba vitundu, hivyo jaribio la maji safi ya maabara halitoshi kuuamini. Wakati wa kuchota sampuli nao una uzito: mvua kubwa za Machi hadi Mei husomba dawa kutoka mashambani hadi vijitoni, na sampuli ya kiangazi pekee inaweza kuonyesha usafi ambao haupo.