Kupe wa Nchi za Baridi

Wasomaji wetu wa Maniema wanamjua papasi, yule ajifichaye katika nyufa za sakafu ya udongo na kuuma watu usiku. Kule Kasongo, mwezi wa Februari 1905, Bwana Daktari Joseph Everett Dutton, Mwingereza, alikufa akiwa katika kuichunguza homa ya papasi, nayo ndiyo iliyomshika. Kidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake. Basi kidudu hicho kinaye ndugu yake ng’ambo ya bahari.

Mwaka 1975, katika mji mdogo wa Lyme, jimbo la Connecticut huko Marekani, watoto wengi walivimba magoti. Mama mmoja, Polly Murray, aliandika habari za wagonjwa kwa uangalifu akazipeleka kwa wakubwa wa afya. Daktari Allen Steere alipochunguza, aliona kwamba wengi wanakaa karibu na misitu, na kwamba ugonjwa huanza wakati wa joto. Mwaka 1981 Willy Burgdorfer alikiona kidudu chenyewe ndani ya kupe. Bwana huyo, alipokuwa mwanafunzi kwao Uswisi, somo lake lilikuwa papasi wetu wa Afrika!

Lakini tabia zao ni mbalimbali. Papasi hupenda pakavu. Kupe wa Lyme akikauka hufa. Kwa hiyo hukaa chini ya majani yaliyoanguka, penye unyevu. Akiwa mchanga, mdogo kama punje ya ulezi, hunyonya damu ya panya wa mwituni, na humo hupata kidudu. Upande wa kusini wa Marekani kupe huyohuyo yupo, ila joto humfanya ajifiche chini kabisa ya majani, naye hunyonya mijusi, ambao si wabebaji wazuri wa kidudu. Ndiyo maana wagonjwa huko ni wachache. Kaskazini mambo ni kinyume: kadiri baridi inavyopungua nchini Kanada, kupe anazidi kusonga mbele.

Ugonjwa huu hutibika. Kwa kawaida kupe hana budi kushikamana na mwili zaidi ya siku nzima ndipo aambukize; akiondolewa mapema kwa kibano, hatari hupungua sana. Aliyekwisha kupatwa hupewa vidonge vya doksisiklini siku 10 hadi 14, na walio wengi hupona. Akichelewa, ugonjwa huingia katika viungo, moyo na mishipa ya fahamu, na uchovu waweza kumkalia miezi mingi.

Na hapa pana jambo linalowahusu ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Amerika. Dalili ya kwanza ni doa jekundu linalopanuka kama duara. Juu ya ngozi nyeusi doa hilo halionekani vizuri, hata waganga huweza kulipita. Mwenye jamaa huko amwandikie hivi: mkitoka msituni, watazameni watoto nyuma ya magoti, makwapani na katika nywele, jioni ileile, na mtoto akipata homa baadaye, mwambieni mganga alikuwa wapi.