Ewango na karatasi alizozificha porini

Bandugu, wale wenye mlitaka udaktari mkajikuta biolojia, hii ni yetu. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nahesabu tu siku za kubadilisha fakilte.

Corneille Ewango naye alitaka kuwa munganga. Alikulia katika jamaa ya wawindaji. Akiwa mtoto alibebea mjomba wake nyama na pembe za tembo. Kisangani wakampa biolojia. Akaanza kupima miti, hakuacha tena.

Tangu 1996 mpaka 2003 alisimamia kazi ya mimea kule Epulu, ndani ya Hifadhi ya Okapi, Ituri. Watu wanasema botaniste anachuma majani tu. Hapana! Unakata tawi lenye ua ao tunda, unalibana katikati ya magazeti, unalikausha haraka (unyevu wa msitu hauna huruma, ukichelewa yote inaota ukungu), kisha unaandika mahali, tarehe, namba na jina la mchumaji. Bila hiyo etiketi ni jani kavu tu. Kwa TFC yangu nilisahau tarehe, nikatupa mimea 11.

Sasa vita inafika. Wakubwa wanakimbia, askari wanapora. Yeye anabaki. Akaficha herbariamu, kompyuta na data porini, naye mwenyewe akakaa msituni karibu miezi 3. Nilipomsimulia mama, akauliza: juu ya karatasi?

Ndiyo mama, juu ya karatasi. Tangu 1994 huko Ituri kuna viwanja vya hektari 40, kila mti una namba na kipimo. Ukipoteza kipimo cha kwanza, cha pili hakikuambii kitu: hujui kipi kimekua, kipi kimekufa. Baada ya vita Ewango aliweza kulinganisha, na mwaka 2010 akapata udoktari kule Wageningen, Uholanzi, kwa kazi juu ya kamba za msituni. Akaonyesha kwamba zimepungua, zaidi ya zote kusa, ile Wambuti wanasokota nyavu za kuwindia. Bila namba za zamani tungebaki na maneno ya wazee, na nani ofisini angewasikiliza?

Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman.

Mimi sikubadilisha fakilte. Karatasi namba 1 ya daftari langu ni kusa, na safari hii tarehe ipo.