Kenya: Neno Moja la Barua na Mshahara wa Miezi Sita

Tangu shuleni tumeambiwa kwamba Kiingereza ni ufunguo wa kupata kazi. Tusichoambiwa ni kwamba Kiingereza hicho hicho ndicho kinachomtolea mtu kazini, na kwamba hapo hakihitajiki kingi: neno moja latosha. Nchini Kenya, ambako baadhi ya wenzetu huvuka Namanga na Horohoro kwenda kutafuta riziki, barua za kazi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na maneno yake yana bei.

Tuanze na neno "redundant". Ukifungua kamusi utaambiwa ni kitu cha ziada, kisichohitajika. Mtu aliyekitumikia kiwanda kwa miaka 12 akiitwa hivyo ana haki ya kukasirika. Lakini asiichane barua! Katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, redandansi maana yake ni kwamba mtu amepoteza kazi bila kosa lake, kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha au imepunguzwa. Hapo kifungu cha 40 kinamfunga mwajiri. Ni lazima akiarifu chama cha mfanyakazi huyo pamoja na afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla; alipe likizo ambayo haijachukuliwa; atoe notisi ya mwezi au mshahara wake; na juu ya hayo alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa miaka 12 hizo ni siku 180, yaani miezi sita. (Hapa kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2004 iliweka siku 7 kwa mwaka, na hesabu ikakomea miaka 10. Mtu huyo huyo angepata siku 70. Neno ni moja, mpaka ndio unaobadili bei.)

Sasa tazama neno "resign", kujiuzulu. Mfanyakazi huitwa ofisini, akakuta karatasi imekwisha kupigwa chapa, akaambiwa kwa upole atie sahihi ili apewe barua nzuri ya kuombea kazi kwingine. Upole huo una hesabu ndani yake. Aliyejiuzulu hakupunguzwa kazini. Ameondoka mwenyewe, na zile siku 180 amemwachia tajiri. Naona hili ndilo neno la hatari kuliko yote, kwa sababu halina sura ya ukali. Anayefukuzwa kwa matusi hukimbilia chama siku hiyo hiyo. Aliyeagwa kwa chai huenda nyumbani.

"Summary dismissal" nayo huwapoteza hata waliosoma. Shuleni "summary" ni muhtasari, basi mtu hudhani amepewa adhabu fupi. La. Ni kufukuzwa papo hapo, bila notisi au kwa notisi pungufu, kwa kosa kubwa. Hata hivyo kifungu cha 41 hakimruhusu mwajiri kupiga mtu kalamu kimya kimya. Kabla ya kumfukuza ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama pale kazini, na amsikilize. Anayesomewa mashtaka kwa Kiingereza asichokielewa na aseme hivyo hapo hapo, mbele ya shahidi wake.

Likaja "casual", yaani kibarua. Kisheria huyu ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi, au kazi ambayo haitazamiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi kama wenzake. Lakini jina hung'ang'ania. Wako watu wanaoitwa vibarua miaka nenda miaka rudi, na wako waajiri wanaomsimamisha mtu siku chache kabla mwezi haujatimia, kisha wakamwita tena. Dawa yake ni daftari la senti chache: andika kila siku uliyoingia, nani aliyekupangia kazi na kiasi ulicholipwa. Mbele ya mahakama, kumbukumbu ya kichwani ni dhaifu.

Yako na maneno matatu ambayo hukaa chini kabisa ya karatasi, karibu na nafasi ya sahihi: "full and final". Maana yake ni kwamba umelipwa kila kitu na hudai tena. Mahakama za Kenya zimewahi kuikubali karatasi kama hiyo kuwa mkataba unaofunga, pale ilipoonekana kwamba mfanyakazi aliitia sahihi kwa hiari na kwa kuelewa. Kwa hiyo omba nakala, omba siku moja, uipeleke kwa katibu wa tawi kabla kalamu haijagusa karatasi.

Na anayeanza kazi asingoje mpaka siku ya kuondoka. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Kwa Kiswahili, basi, ukitaka. Haki hiyo hudaiwa siku ya kwanza, mkataba ukiwa bado mezani.