Farasi, magharibi na joto la Qatar
Wageni wanaofikia Al Thumama, mtaa wa Doha wenye mojawapo ya viwanja vya Kombe la Dunia la mwaka 2022, huvutiwa na matembezi ya farasi nje ya mji wakati wa magharibi. Uzuri wa machweo si sababu pekee. Wakati wa kiangazi joto la mchana nchini Qatar hupita nyuzi 40, na farasi, kama binadamu, hujipoza kwa jasho. Lakini kuzama kwa jua hakuondoi hatari: unyevunyevu utokao Ghuba huzuia jasho kukauka. Kwa hiyo kiongozi hodari wa msafara hutazama mbavu za farasi kabla ya kutazama saa. Zikipanda na kushuka kwa kasi, humshusha mpandaji, humwagia mnyama maji na kumrejesha bandani polepole, hata kama mgeni aliyelipia saa nzima atanung'unika.